Kisu Kisingoje Matanga

Maneno haya aliyasimulia kwanza bibi yangu Kuluthumu, nyumbani Kondoa, mwaka 1931. Ni ya mumewe, Mzee Mustapha, mpasuaji wa majipu na muunga mifupa, aliyeugua jipu la paja wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, mwaka mmoja baada ya reli kufika Dodoma. Aliwaita watoto wake wawili, Yahaya na Mwamvua, akasema:

"Sikilizeni wanangu, wala msinihimize kulala, maana nikilala nitakufa na maneno mdomoni. Mashamba ya Kolo gawaneni kama sheria isemavyo. Neno langu ni kisu. Katika ukoo wetu mwana hutazama tu, hagusi mpaka baba azikwe. Nami nilitazama miaka kumi na miwili, nikakishika mara ya kwanza siku ya pili baada ya kuondoa matanga, na mtu wa kwanza niliyempasua ni ndugu yangu Abbasi, jipu la kwapa. Nilikata mshipa, damu ikamwisha, akafa. Hapakuwa na wa kuniambia 'si hapo.' Watu wakasema ni mkono wa Mungu, nami nikawaacha waseme. Mkono ulikuwa wangu.

Nilipompeleka mjomba wenu hospitali ya reli Dodoma, niliwaona wanafunzi wakikata mapaja ya mbuzi, mwalimu amewashika kifundo cha mkono, visu vinachemka chunguni kama viazi. Na hakuna aliyemgusa mtu kabla ya kupimwa mbele ya wakubwa watatu. Nikamweleza Nikodemo, msaidizi wa daktari, desturi yetu. Akacheka: 'Kumbe kwenu, mzee, mwalimu hufundisha akiwa kaburini?' Nilimchukia njia nzima ya kurudi. Wadachi wametucharaza viboko, lakini Mgala muue na haki yake umpe.

Yahaya, usinune kama mbuzi aliyenyimwa chumvi. Wewe ndiwe mkubwa, lakini mkono wako unatetemeka, wa Mwamvua hautetemeki, na mficha uchi hazai. Jifunzeni wote wawili, mkamfundishe na yeyote atakayekuja, awe wa kwetu au Mgogo. Mbuzi kwanza, mtu baadaye, na mwalimu asimame kando.

Kuluthumu, epua chungu. Mwamvua, nawa tena. Kwa sabuni! Paja hili lipasuliwe sasa, ningali na pumzi ya kusema. Usilie, machozi hayaoshi jeraha. Shika... chini zaidi. Hapo pana mshipa, sogea. Kushoto. Ehe. Mungu awape mikono... mikono mitulivu. Kata, mwanangu. Usiningoje."

Usaha ulitoka wote, na damu haikumwagika ovyo. Homa ndiyo iliyomchukua, siku ya tatu. Yahaya ametangulia, na bibi naye. Mwamvua yu hai, na wanafunzi wake saba.