Maji Baridi ya Marehemu Inspekta Terensi Odyek

(Wasifu huu unasomwa na Marlène, mdogo wa mjane, nyumbani kwa marehemu Makindye, kabla ya safari ya kwenda Aduku)

Padre, maafande, majirani zetu wa Makindye, na ninyi mliofunga vibanda vyenu soko la Nakawa kuja kutushika mkono: haya ndiyo maisha ya Terensi Odyek kama mjane wake, Hortense, alivyotaka yasomwe. Ukoo ulikuwa umeandaa wasifu mwingine, mfupi na wa adabu. Mjane aliusoma wote, akasema mtu huyo hamjui. Basi sikilizeni huu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Aduku, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Yokana Odoch na marehemu mama Santa Ayaa. Alijua kuzama kabla ya kujua kusoma. Siku moja mama yake alikuwa akiosha vyombo kando ya ziwa Kwania, kifuniko cha sufuria kikamponyoka. Terensi akajitupa majini, akakaa huko chini mpaka mama akaanza kupiga yowe, kisha akaibuka ameshika kifuniko cha jirani kilichopotea mwaka uliotangulia. Jirani alimshangilia, mama alimchapa. Kifuniko cha mama hakikuonekana tena.

Alisoma shule ya msingi Aduku, kisha sekondari mjini Lira, akamaliza kidato cha nne mwaka 1980. Hesabu zilimshinda, na kuimba kulimshinda zaidi, ingawa hakuna aliyefanikiwa kumnyamazisha kanisani. Vita vilimkuta nyumbani akilima pamba. Vilipokwisha mwaka 1986, ng'ombe wa baba yake walikuwa wameibwa na kijana hakuwa na cha kuolea. Mwaka 1988 alipanda lori hadi Kampala, akaandikishwa polisi.

Alianza kwa kulinda geti la ofisi moja hapo Nakawa. Mwaka 1993 mkubwa mmoja aliliuliza gwaride zima ni nani anayejua kuzama. Odyek alinyoosha mkono peke yake, wenzake wakidhani hiyo ni njia ya kutafutia watu adhabu. Akapelekwa kikosi cha majini, Port Bell. Kazi ya huko mnaijua: mtumbwi umepinduka, mtu hajaonekana, ndugu zake wamekaa ufukoni na shuka mkononi. Maji ya ziwa letu, ukishuka kidogo tu, ni giza. Huoni hata kiganja chako. Odyek aliwatafuta watu kwa kupapasa. Akirudi nyumbani alinawa, akala, akalala bila kusema neno. Wapo waliokaa hapa leo ambao wana kaburi la kwenda kufagia kwa sababu ya vidole vyake.

Hortense alifika Kampala mwaka 1996 akitokea Bukavu, akaanza kuuza vitenge Nakawa. Odyek alikuja kununua kitenge cha kumtumia mama yake. Wiki hiyo hiyo akarudi kununua kingine, na kingine tena. Hortense akamkazia macho.

"Afande, uko na bamama ngapi?"

"Mama iko moja tu," Odyek akajibu. "Sasa natafuta mama ya watoto."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 28 Novemba 1998, wakajaliwa Concy, Zéphyrin na Anselme. Ilikuwa nyumba ya watu wawili waliopendana, na mjane anaomba hilo lieleweke kabla hatujaendelea, maana sasa tunafika kwa Akeyo.

Mwezi wa Januari 2001 kikosi kilimpeleka marehemu Afrika Kusini, karibu na mji wa Cape Town, kujifunza kupiga mbizi katika bahari ya baridi. Mwenzake katika safari hiyo alikuwa Konstebo Akeyo wa Tororo, mwanamke mrefu mwenye pumzi nyingi na meno mazuri. Meno yametajwa hapa kwa sababu mjane ameyataja nyumbani kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kule, mtu hazami peke yake. Mnashuka wawili, mnachungiana hewa, mnapanda wawili. Mkishaibuka, kabla hamjavua hata kofia ya mpira, mnapeana ripoti kwa sauti: upepo ulikuwaje, mawimbi je, baridi kiasi gani, mliona umbali gani, mlikutana na nini. Kila mmoja anathibitisha la mwenzake. Alichokiona mtu mmoja peke yake hakiingii kwenye ripoti.

Huko ndiko Odyek alikoona kazi yake kwa macho kwa mara ya kwanza. Aliona mwani mrefu kuliko nyumba, umesimama kama shamba la mihogo lililopandwa na jitu, jua likipenya katikati. Aliona sili, wale wanyama wa baharini wenye manyoya na mapezi, wakimvuta viatu vyake vya kuogelea na kukimbia. Aliona papa mdogo wa madoadoa ambaye akiogopa hujikunja mviringo, akajifunika macho kwa mkia wake. Jumapili alipiga simu kwa jirani, Hortense akaitwa mbio, mtoto mgongoni, na yule mume aliyezoea kulala bila kusema neno akaongea mpaka simu ikakatika. Hortense alifurahi. Aliporudi nyumbani ndipo alipogundua kwamba katika kila jambo alilosimuliwa, Akeyo alikuwemo.

Watu walidhani ni wivu wa kitandani. Sivyo. Hortense anasema kama Odyek angekuwa na hawara Kalerwe, angejua la kufanya: angemfuata hadi kwenye fungu lake la nyanya, wakamalizana mbele ya wateja. Lakini huyu alikuwa amechukua kitu kisichodaiwa. Mumewe alikuwa na furaha moja kubwa maishani, na shahidi wa furaha hiyo alikuwa mwanamke mwingine. Hortense alitaka awe yeye. Alijifunza zile habari zote kwa kusikia, majina ya upepo na ya viumbe, akawa anamsahihisha mumewe mbele ya wageni, yeye ambaye hata ziwa Kivu la kwao hakuwahi kuingia zaidi ya magoti.

Wawili hao walirudi kule mwaka 2004, na tena mapema mwaka 2007. Krismasi ya mwaka huo Akeyo alialikwa hapa hapa nyumbani. Chakula hakijafika katikati, marehemu akamgeukia, "Akeyo, toa ripoti," na wakaanza, wakichekeana juu ya sili mmoja aliyewaibia tochi. Meza nzima ikabaki kuwatazama. Hortense akainuka, akamwondolea Akeyo sahani nyama ikiwa bado nzima, akaenda kuiosha. Akeyo aliaga kwa heshima na hakukanyaga tena nyumba hii. Mjane amesema niseme wazi kwamba ile sahani hajaijutia.

Ugonjwa wa sukari uligunduliwa mwaka 2012. Marehemu alistaafu mwaka 2017 akiwa Inspekta, na mwaka 2019 macho yakamzimikia. Hortense alimwosha, akamlisha, akamshika mkono kwenda kanisani. Kuanzia mwaka 2022 hakutoka tena kitandani, na kumbukumbu nazo zikaanza kukatikakatika. Alianza kusimulia bahari yake, akafika njiani, akakwama. "Mama Concy, ile siku... ile tuliona mbali sana... ilikuwa namna gani?"

Hapo Hortense akaona nafasi yake imefika. Akasogeza kiti, akamsimulia.

"Siku ile jua ilikuwa kali, Papa Concy. Upepo hakuna. Maji ilikuwa ya moto-moto, safi kabisa, mukaona mbali."

Marehemu alitikisa kichwa kwenye mto. "Hapana. Maji ya moto inakuwa chafu, kijani tu, huoni kitu. Upepo ya kusini-mashariki ndio inasukuma maji ya juu kwenda mbali, ile baridi ya chini inapanda. Siku ya baridi mbaya ndio unaona mbali."

"Basi ni vile nilitaka kusema."

"Wewe hapana kuwa huko," Odyek akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomchoma Hortense kuliko tusi.

Alikwenda jikoni akalia kwa hasira. Kosa lenyewe lingeweza kufanywa na yeyote. Sisi wa huku tukiambiwa siku njema tunawaza jua. Lakini yeye alikuwa amekaa na maneno yale miaka yote akidhani ni yake. Siku mbili alizunguka na simu mfukoni mwa kitenge. Siku ya tatu akampigia Akeyo.

Akeyo alikuja mchana, akavua viatu mlangoni. Nywele zilikuwa zimeingia mvi na meno yalikuwa yale yale. Hortense alimpa chai, akamwonyesha kiti, na yeye mwenyewe akakaa kitandani, kati yao.

"Toa ripoti," marehemu akasema, kabla mgeni hajamsalimu vizuri.

"Ndiyo, Afande. Upepo ya kusini-mashariki, siku mbili. Mawimbi kidogo. Baridi, digrii tisa. Kuona, mita kumi na tano. Tumekuta sili tano."

"Nne!"

"Tano, Afande. Moja ilikuwa nyuma yako, inakula kiatu."

Odyek alicheka mpaka akakohoa. Hortense hakuwa amesikia kicheko hicho tangu macho yazimike. Anasema wivu ulimpanda mpaka masikio yakaziba, na kwamba alikaribia kabisa kuiondoa ile chai. Badala yake akauliza swali ambalo hakuwahi kuuliza, kwa sababu kuuliza kulikuwa kukiri kwamba hajui.

"Hiyo baridi, inaanzaka wapi?"

Wote wawili wakajibu kwa pamoja, "Hapa," Akeyo akigusa paji la uso wake. Marehemu akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata uso wa mkewe, akamwekea vidole viwili katikati ya nyusi na kukandamiza. "Hapa, Mama Concy. Kama mtu anakupiga na msumari. Halafu inaacha." Kisha akamwambia Akeyo, "Anza tena mwanzo. Mwambie yote."

Tangu siku hiyo Akeyo alikuja kila wiki, na ripoti zilitolewa kwa watu wawili. Hortense aliuliza sana, hata maswali ya kijinga. Odyek, alipokosea, alisahihishwa na wanawake wawili, jambo alilolilalamikia kwa padre.

Marehemu aliaga dunia nyumbani, Jumanne tarehe 12 Septemba 2023, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Akeyo alikuwa Tororo. Mjane ameomba hilo lisomwe polepole.

Jana kwenye kikao wazee wa ukoo walisema jina la Akeyo lisitajwe katika orodha ya aliowaacha, watu wasije wakasema. Hortense akasema, "Atajwe. Kama yeye hayuko, nani atasema na miye kwamba ilikuwa kweli?"

Basi Terensi Odyek amemwacha mjane wake, Hortense, watoto wake Concy, Zéphyrin na Anselme, ndugu zake Alum na Owino, wajukuu wawili, na mwenzake wa majini, Akeyo, ambaye kwa amri ya mjane amewekwa baada ya wajukuu, na hapo ndipo atakapobaki.

Terensi, Mungu akupokee, ukalale bila maumivu. Kama huko uendako kuna maji, Hortense anasema usishuke na mtu yeyote. Kaa ukingoni, umsubiri.