Siku Vita Baridi Alipobadili Nadharia

Benchi la Majengo, nyuma ya msikiti, lilikuwa la mbao mbili tu, lakini lilibeba wanaume watatu na dunia nzima. Igoki, muuza kahawa, aliwamiminia kahawa ya tangawizi, mwanawe Kendi amelala mgongoni. Zamani walikuwa wanne. Mumewe, Mutuma, ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote, kabla jeshi halijampeleka Kongo kulinda amani. Sasa wiki ya tatu ilikuwa inaisha bila simu yake.

Asubuhi hiyo alianza Mwalimu Njiru, mstaafu, ambaye wenzake humwita Umoja wa Mataifa. Alieleza kwamba baada ya vita vikuu vya kwanza wasomi waliamini mataifa yakiketi meza moja na kupewa sheria, vita vitakoma. Kisha vikaja vya pili, wasomi wakaona haya.

— Hapo ndipo wakapata akili, akasema Salesio, mkulima wa Kianjai, aitwaye Vita Baridi. Dunia haina chifu, Mwalimu. Mwenye nguvu anakula, mnyonge anatazama.

Ishmael wa bucha akasema hayo yamepitwa na wakati. Waliokuja baadaye waligundua dawa ni biashara.

— Siwezi kumpiga mtu anayenunua matumbo kwangu kila Jumamosi.

— Mbona Gachoki ulimkimbiza na kisu? akauliza Salesio.

— Huyo alikuwa amehamia bucha ya pili.

Wakacheka. Salesio akaendelea kusema kwamba hata hivyo vita vya Kongo haviishi leo wala kesho, kwa sababu wakubwa... Akamtupia jicho mwenye kahawa. Igoki alikuwa akifuta kikombe ambacho kilishakauka kitambo.

Salesio akakohoa.

— Lakini nimefikiria upya. Nguvu nazo huchoka. Na askari wa amani hurudishwa mapema. Hiyo ni nadharia mpya.

Mwalimu, ambaye kwa miaka kumi hakuwahi kumkubalia lolote, akatikisa kichwa kuafiki.

— Mpya kabisa.

— Hata redioni nimeisikia, akasema Ishmael.

Igoki alijua wanamdanganya. Aliwaongezea kahawa, moyo umemjaa.

Wanjugu, msusi aliyepanga chumba jirani wiki hiyo, alikuwa amesimama akisikiliza.

— Na hiyo nadharia inasema atarudi siku gani?

Umoja wa Mataifa akamtazama Vita Baridi, naye akatazama viatu vyake.

Birika lilikuwa tupu. Kwa kawaida hapo ndipo huagana. Ishmael alimwona mteja akimngoja mlangoni pa bucha, lakini hakuinuka.

— Injika lingine, Mama Kendi, akasema. Tutangoja.