LaVonne Hakuwemo Kwenye Orodha

Benchi letu liko nje ya chumba cha kufulia nguo, upande unaopata jua mapema, kwenye kambi ya magari-nyumba nje kidogo ya Quartzsite, Arizona. Kusema kweli si benchi. Ni kiti kilichong'olewa kwenye gari-nyumba la marehemu fulani, na springi yake ya katikati ina ugomvi binafsi na makalio yangu. Kuanzia Novemba mpaka Machi sisi wazee tuliokimbia theluji tunakaa hapo, tunakunywa kahawa ya Odell na kuitawala dunia. Odell ndiye Waziri wa Matangi, fundi bomba mstaafu, na hakuna balaa duniani asiloona limeanzia kwenye tangi la choo. Lyle tunamwita Sayansi, maana aliuza vifaa vya kusaidia masikio kwa miaka thelathini na yeye mwenyewe hajamsikiliza mtu hata siku moja. Arliss ni Bi Ramani, aliendesha basi la shule kule Idaho, na ukimkatiza anakutazama mpaka unakumbuka kazi yako ya nyumbani. Mimi ni Mkia, kwa kuwa kila nikirudisha gari nyuma lazima nigonge kitu. Siku hiyo tulikuwa na mgonjwa katikati yetu, kwenye springi. Wendell wa Nebraska alikuwa amemsahau mke wake kwenye kituo cha mafuta.

Mke mwenyewe tulikuwa tunamwona. LaVonne alikaa juu ya sanduku lake mbele ya duka la kambi, hatua thelathini kutoka kwetu, ametugeuzia mgongo, anasubiri basi la saa sita limpeleke kwa dada yake Omaha. Ilikuwa saa tano imepita.

— Haya, anza mwanzo, — Bi Ramani akasema. — Na usinizungushe. Ya mwenzako nimeshayasikia, jana usiku alilala kwangu.

— Alikuwa amelala kule nyuma, kichwa kinamuuma, — Wendell akasema. — Pazia amelifunga. Nikasimama Gila Bend kuweka dizeli. Nikajaza, nikapitia orodha yangu, nikaondoka. Nimefika hapa, nafungua pazia nimwambie tumefika, namkuta paka.

— Paka peke yake?

— Paka na simu ya LaVonne.

— Maskini wa Mungu, — nikasema. Sikufafanua ni nani.

— Nusu saa baadaye akaletwa na lori la majani makavu; kumbe alikuwa ameshuka kwenda choo cha kituoni. Akashuka, hakunitukana hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa.

— Orodha gani hiyo unayosema? — Waziri akauliza.

Wendell akaitoa kwenye mfuko wa shati. Alikuwa ameifunika plastiki, mambo thelathini na moja, kila moja na kisanduku chake cha kuweka alama. Nikampokonya nikasoma kwa sauti.

— Antena chini. Ngazi ndani. Mpira wa maji umechomolewa. Gesi imefungwa. Milango ya kabati. Madirisha. Paka... Wendell! Paka yumo?

— Namba kumi na tisa.

— Na LaVonne namba ngapi?

— LaVonne hayumo. — Akajikuna shingo. — Yeye ndiye huwa anaisoma. Yeye anasoma, mimi naitika "tayari". Jana alikuwa amelala, nikajisomea.

Kila mtu akaitazama kahawa yake. Wote tuna orodha. Mtu akitoka kambini bila orodha ataburuta mpira wa maji mpaka California, na mimi nimeshauburuta.

— Hilo ni kosa la kiofisi tu, — Sayansi akasema. — Karani hajiandiki. Mwongeze, mambo yaishe.

— Amwongeze wapi sasa? — Waziri akauliza. — Kabla ya gesi au baada ya gesi?

— Baada ya gesi. Gesi inalipuka.

— Kwani LaVonne halipuki? Hebu mtazame pale.

— Kabla ya paka! — Bi Ramani akafoka. — Wanaume wazima mnajadili namba! Mtaje kabla ya paka, basi!

Waziri akakohoa. Tulijua anakuja na hoja.

— Mimi nina swali la kitaalamu. Gari lina choo. Kwa nini mama wa watu alishuka kufuata choo cha kituoni?

Wendell akatazama viatu vyake.

— Nilimkataza cha ndani.

— Ulimkataza choo? — Bi Ramani akauliza.

— Si choo chote. Haja kubwa. Tangi linajaa haraka, Bi Ramani, hujui kulimwaga kulivyo.

— Hapo sasa! — Waziri akapiga goti lake. — Nimesema tangu zamani, kila kitu ni tangi! Na mimi niko upande wako, ndugu yangu. Kwangu haja kubwa ni marufuku tangu mwaka elfu mbili na tisa.

— Na mkeo alisemaje?

— Mke wangu alihamia Florida mwaka elfu mbili na kumi.

Hakuona kwa nini tunacheka. Akatuongezea kahawa akiwa amenuna.

— Nyinyi mnahangaika na vyoo, — Sayansi akasema. — Suala ni mtetemo. Injini ya dizeli inatetemesha kiti, kiti kinatetemesha uti wa mgongo, uti wa mgongo unapeleka habari za uongo kichwani. Baada ya miezi mitatu barabarani ubongo unajijazia mwenyewe. Wendell hakuwa peke yake garini. Ubongo wake ulishamtengeneza LaVonne mwingine.

— Mwingine yuko wapi sasa? — nikauliza. — Maana huyu anaondoka saa sita.

— Usifanye mzaha na elimu, Mkia.

— Elimu gani, wewe! — Waziri akaingia. — Ni hewa ya tangi. Bomba likiwa na ufa, ile hewa inapanda mbele mpaka kwa dereva. Nilimjua mtu Nevada aliendesha siku nzima akidhani yuko na mama yake mzazi. Mama alishafariki, na hata alipokuwa hai alikuwa hapandi gari.

Nami, kwa kuwa sikupenda kubaki nyuma, nikatoa yangu.

— Mimi nasema LaVonne alitoroka. Alipanga. Alijifanya kichwa kinauma.

— Kwa ndala, Mkia? — Bi Ramani akanigeukia. — Mtu anatoroka jangwani kwa ndala, bila simu, bila pochi? Alitoka chooni akaona gari linaingia barabarani. Akapunga mkono akidhani Wendell analigeuza. Alipunga mpaka likapotea. Nyie chekeni.

Hatukucheka. Wendell alishika kikombe kwa mikono miwili.

— Safari hii yeye ndiye aliyeitaka, — akasema taratibu. — Tuliuza nyumba kwa ajili yake. Na tangu Oktoba ni mkosi juu ya mkosi. Turubai la kivuli limeng'oka na upepo Amarillo. Matairi mawili yamepasuka kwa siku moja. Friji linagandisha letusi, linayeyusha barafu. Mvua ikinyesha inanyesha upande wangu wa kitanda tu. Na kila kitu kikiharibika mimi nanuna, yeye anacheka. Jamani, mke wangu anacheka mpaka anashika ukuta. Jana ndiyo siku ya kwanza hakucheka.

Hapo tukaanza kumpa ushauri, na nasema kweli tulikuwa na nia njema.

Waziri alishauri ampe LaVonne kibali cha choo kwa maandishi, haja zote, usiku na mchana, chenye sahihi ya mashahidi wawili. Sayansi alikuwa na kifaa cha sikio kwenye droo, kimetumika kidogo, angemwachia Wendell bure. Mimi nikasema apige magoti.

— Goti la kushoto ni la chuma, — Wendell akasema. — Nikipiga siinuki.

— Ndiyo vizuri! Akuinue yeye. Hawezi kukuacha chini mbele ya duka.

— Anaweza, — Bi Ramani akasema. — Kwa alivyo leo, anaweza, na atakuruka. Hamjui hata kilichomuuma. Yule dereva wa majani, kijana tu asiyemjua, alimuuliza kitu kimoja walipoanza safari. "Mama, ungependa kusikiliza nini?" Kwenye redio. LaVonne akaanza kulia. Akaniambia, miaka arobaini na moja nimepanda gari na Wendell, hajawahi kuniuliza.

— Mimi redio sifungui, — Wendell akasema.

— Ndicho hicho tunachosema.

— Sikuifungua kwa sababu nilikuwa naongea naye.

— Naye nani?

— LaVonne. Jana. Kutoka Gila Bend mpaka hapa. Nilikuwa naongea naye njia nzima.

Sayansi akaruka kitini mpaka springi ikanipiga mimi.

— Nimesema nini! LaVonne mwingine!

— Ngoja kwanza, — Bi Ramani akasema. — Uliongea na pazia kwa masaa mawili?

— Nilidhani yuko macho.

— Hakujibu hata neno moja kwa masaa mawili, na hukushtuka?

— Nilidhani amekasirika.

Waziri akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia ushahidi usiopingika. — Hiyo inaeleweka kabisa, — akasema. Na mimi, Mungu anisamehe, niliielewa pia. Tulicheka mpaka kahawa ikamwagikia orodha, ikawa bahati ina plastiki. Hata Wendell alicheka kidogo, kisha akaacha ghafla, akageuka kumtazama mtu aliyekaa juu ya sanduku. Ilikuwa imebaki robo saa.

Mlangoni pa chumba cha kufulia alikuwa amesimama mwanamke aliyefika kambini juzi. Jina lake tulikuwa hatujalijua bado. Alikuwa na kapu la nguo mbichi, anasubiri mashine ya kukaushia imalize za mwenzake, na bila shaka alikuwa amesikia yote, maana sisi hatujui kunong'ona.

— Samahani, mzee, — akamwambia Wendell. — Ulikuwa unamwambia nini?

— Lini?

— Jana. Hayo masaa mawili.

— Bei ya dizeli, — Waziri akajibu haraka.

— Upepo, — Sayansi akasema. — Siku hizi kuna upepo sana.

— Nimemuuliza yeye, — mgeni akasema, bila ubaya.

Wendell uso ulimwiva mpaka masikioni. Nikategemea Bi Ramani ataokoa jahazi, yeye hakosi neno, lakini alikuwa anakung'uta kitu kwenye sketi yake kisichokuwepo. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho mimi kumwambia mke wangu jambo la masaa mawili. Nilimwona kwa mbali anaanika taulo, na sikukumbuka. Waziri akainamisha birika akijifanya anapima kilichobaki.

— Siwezi kukwambia wewe, binti, — Wendell akasema hatimaye. — Yeye bado hajasikia.

Akaweka kikombe chini, akasimama kwa awamu tatu kama anavyosimama kila siku, akaenda.

Tulimfuata kwa macho tu. Ila injini ya gari lake imemla Wendell masikio, na mtu asiyesikia vizuri haongei polepole. Kambi nzima ilisikia.

— LaVonne. Nataka kukwambia niliyokwambia jana.

LaVonne hakugeuka. Alivuta pochi yake karibu na tumbo.

— Nilikwambia jicho la kulia limeharibika. Tangu Agosti. Daktari alinieleza, nikaificha karatasi yake ndani ya buti langu. Nilikwambia jua likianza kushuka sioni mstari wa barabara, ndiyo maana nakukaripia, ndiyo maana kila siku nataka tufike mapema. Si kwamba sifurahi. Naogopa nitakuua, LaVonne. Uliitaka safari hii miaka yote, nikaona nikisema tutageuza. Kwa hiyo nikasema nikiwa nimekupa mgongo. Niliona ni rahisi hivyo. Ulivyonyamaza nikajua umeumia, nikazidi kuongea.

Waziri alikuwa ameshika birika hewani, hamimini, haliweki chini. Mgeni wetu alikuwa amekalia kapu lake.

LaVonne akageuka, kwanza kichwa, halafu mwili wote. Akamtazama usoni, jicho moja, halafu jingine, kama anatafuta lipi ndilo.

— Lipi? — akauliza.

— Hili.

— Na mimi leseni ninayo, Wendell. Miaka arobaini na moja ninayo. Hujawahi kuniuliza hata hilo.

— Hilo sikukwambia jana, — Wendell akasema. — Hilo sikulifikiria.

— Yapo mengine uliyosema?

— Yapo. Mengi. Masaa mawili, LaVonne.

LaVonne akasogea kidogo juu ya sanduku. Sanduku halikuwa kubwa, na Wendell si mdogo, lakini alikaa, goti la chuma limenyooka mbele kama mwiko. Hapo akashusha sauti, nasi tukakosa. Sayansi alitamani kukimbilia droo yake ya vifaa. Bi Ramani akamkamata mkanda wa suruali.

Basi likaingia saa sita na dakika nne, vumbi likatufunika sote. Dereva akafungua mlango, akaangalia saa yake, akapiga honi mara mbili.

— Mama, wewe ndiye wa Omaha? Unapanda?

LaVonne akainua kiganja bila kumtazama.

— Punguza kelele, mwanangu, — akasema. — Mume wangu anaongea.