Kitunguu Saumu Mkononi

Mama mmoja, mpiga pasi, alikuwa ndani ya basi la mbali tangu alfajiri. Nyumbani alimwacha binti yake wa miaka sita na dada mtu. Mikono ya mtoto ilikuwa na vipele vikavu, inakwaruza kama msasa, basi mama akampondea kitunguu saumu, akamfunga nacho kwa kitambaa, akaagiza kisifunguliwe mpaka jioni.

Nyuma yake msusi mmoja alikuwa akimsifia jirani yake wa kiti dawa hiyo hiyo. "Shangazi, kitu cha jikoni hakidhuru. Si tunakila kila siku?"

"Na pilipili tunaila. Jipake machoni basi tuone."

Msusi akacheka peke yake.

"Mimi nilimfunga mjukuu wangu kwa masaa manne tu," yule mwanamke akasema. "Akalia, bibi inaunguza. Nikamwambia avumilie, dawa haiwi tamu. Nilipofungua, ngozi ikaja na kitambaa. Daktari akaniuliza nani kammwagia mtoto maji ya moto."

"Basi wewe ulizidisha. Wangu walipona."

"Ulikuwepo, hata ujue nilizidisha?"

Mpiga pasi alikuwa ameshapiga simu nyumbani mara tatu. Inaita, haipokelewi.

"Konda, nishushe."

"Kituo bado, mama."

"Nishushe hapa hapa."

Basi likasimama. Wale wawili bado wanabishana, yeye akavuka barabara kungoja basi la kurudi. Barabara ilikuwa tupu mpaka macho yanapoishia.