Ile Amina Ilikuwa ya Nani?

Mheshimiwa Afisa wa Ustawi wa Jamii, Mkurugenzi wa makao haya ya watoto, Mchungaji wetu, ndugu wageni waalikwa mliotoka karibu, na nyinyi wawili mliovuka mipaka, walezi wenzangu, na nyinyi wajukuu zangu mnaosukumana viwiko kule nyuma mkidhani sioni: namsalimu kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu kwa njaa yake, maana mimi ni mpishi, na kwangu njaa ni cheo kikubwa.

Mnajua kwa nini leo nimeacha jiko nikasimama hapa. Nyumba hii ina utaratibu wake. Mtoto akipata familia, mahakama ikishamaliza yake na ofisi zikishamaliza zao, anayemkabidhi ni yule aliyempokea siku ya kwanza. Anasimama mbele ya watu na kusema: "Nilimpokea, namtoa kwa amani." Asiposema, gari haliondoki. Na Chiriku nilimpokea mimi. Aliletwa na askari wa doria, amevikwa sweta la mtu mzima, kimya kama maji mtungini. Nikamketisha juu ya gunia la mchele, nikampa kipande cha karoti. Kabla hajakimaliza alikuwa ameniuliza maswali mengi hadi nikaunguza mboga. Jina la Chiriku lilianzia hapo, na mdomo ule haujafungwa tena.

Sasa maneno yenyewe ni machache hivyo, mbona hayatoki? Ndugu zangu, nimechanganyikiwa. Sisemi hivi kwa adabu ya hotuba. Nimechanganyikiwa kweli kweli, na leo mtanivumilia hivyo hivyo nilivyo.

Niwarudishe siku wageni wetu walipokuja mara ya kwanza. Mume ni dereva wa treni, mke ni mkunga. Waliletwa wale chakula pamoja na watoto wote, bila kuambiwa nani ni nani. Kwetu hapa mgeni ndiye anayefunga sala ya chakula: tunainamisha vichwa, mgeni akisema amina, tunashika vijiko. Kwao, kumbe, sala hiyo ni ya kimya, na mwenyeji ndiye anayeifunga. Nani alimwambia mwenzake? Hakuna! Tukafumba macho. Sisi tunawasubiri wao, wao wanatusubiri sisi. Mchungaji akakohoa, wakadhani kukohoa ni sehemu ya ibada, nao wakakohoa kwa heshima zote. Chakula kinapoa, na mimi niliyekipika naumia.

Sala iliporefuka, kila mtu akaanza kuomba la moyoni mwake. La kwangu lilikuwa hili, na wageni wanisamehe: "Mungu wangu, wachukue yeyote, ila si Chiriku." Sijamaliza, sauti nyembamba ikapasua ukumbi: "AMINA!" Tulipofungua macho, Chiriku alikuwa na kijiko mdomoni.

Nilifurahi jamani! Nikasema, ewe Mola, hujawahi kunijibu haraka namna hii. Nikaosha masufuria huku nikiimba. Mara dada mkalimani wa wageni akaja jikoni kuniambia kuwa yule mama analia. Kulikoni? Akasema, alipofumba macho alikuwa anaomba, "Nionyeshe mtoto wangu," na palepale akasikia amina.

Haya, niambieni nyinyi mliosoma na nyinyi mlioomba. Amina moja, dua mbili, na dua zenyewe zinavutana kama watoto wanaogombea shuka. Ile amina ilikuwa ya nani? Nilimuuliza Mchungaji. Akaniambia, "Mama, njia za Mungu hazichunguziki." Nikamwambia, Mchungaji, hata bomba la jikoni lilipopasuka uliniambia hivyohivyo, na fundi akalichunguza.

Nilitaka kuwachukia wageni hawa, lakini wakakataa kuchukika. Nilimvizia mume njiani, kisu cha vitunguu mkononi, nikamuuliza: "Kwani kwenu hakuna watoto?" Dada mkalimani akataka kulilainisha swali, nikamkatalia, nikamwambia lipeleke na miba yake. Yule baba akajibu kwamba wapo, na walianza kwa kubisha hodi hukohuko kwao, lakini kila mlango ulikuwa na mtu anayefaa kuliko wao. Huku, ndugu wa Chiriku walitafutwa, tangazo likasomwa redioni na kurudiwa, na hakuna aliyejitokeza. Hilo nalijua, nilikuwa nasikiliza redio nikiomba ajitokeze shangazi, hata wa kusingizia.

Akaendelea: "Mimi naogopa ndege. Nilimwambia Mungu, kama ni wewe unayeniita, niondolee kwanza hofu hii."

"Akakuondolea?"

"Wapi! Nimetetemeka njia nzima. Mtazame mke wangu mkononi, alama za kucha zangu bado zipo."

"Sasa ulijuaje ni Mungu?"

Akazitazama kucha zake. Kisha akasema: "Bado sijui kama najua. Nilijua tu kwamba nikibaki nyumbani, nitakuwa nimemkatalia mtu." Nikarudi kwenye vitunguu vyangu. Nilitegemea mtu wa imani aje na uhakika nimbishie. Huyu alikuja amechanganyikiwa kama mimi, utabishana naye nini?

Na mke wake je? Kila asubuhi alikuja jikoni nimfundishe kusuka. Nilichana matambara ya kupigia deki, nikayafunga kwenye mpini wa ufagio, nikamwambia anza. Mikono iliyowapokea watoto wa watu duniani ikashindwa na vitambaa vitatu! Chiriku, hebu geuka wageni waone. Hizo njia mnazoziona zimepotea njia, kasuka yeye, jana. Mimi nikimsuka mtoto huyu, kelele zake zinafika getini. Jana alitulia tuli, na ninajua mkono ule unavuta, niliujaribu kichwani kwangu. Hiyo nayo ni ishara? Ya nini? Au nimezeeka, naona ishara hata kwenye nywele?

Basi leo asubuhi nilimwita Chiriku, nikamketisha juu ya gunia la mchele kama siku ile. Nikamuuliza: "Mjukuu wangu, siku ya wageni ulisema amina. Ulikuwa unaitikia dua gani?" Nilijua atasema njaa.

Akasema: "Bibi, mimi sikufumba macho. Nilikuwa nawaangalia. Wewe ulikuwa unalia, na yule mama alikuwa analia. Nikaona mmeshindwa kumaliza."

Nikamkatia kipande cha karoti. Naye, kwa vile kimya hakiwezi, akaniuliza: "Kule kwao, sala inafungwa na nani?"

Nikamwambia, "Ni mwenye nyumba, mjukuu wangu. Ndivyo nilivyoambiwa."

Akatafuna karoti yake, akafikiri. "Kama na mimi nitakuwa wa nyumba hiyo, basi nitafunga mimi."

Mheshimiwa, Mkurugenzi, Mchungaji, sijapata jibu langu. Kama Mungu alimsikia mkunga, mbona mimi naumia hivi? Kama alinisikia mimi, mbona gari liko pale nje na injini inanguruma? Yeye atajua. Baba dereva, asante kwa kupanda na hofu yako. Leo utapanda nayo tena, mshike mtoto mkono, yeye haogopi kitu. Mama mkunga, nimekuwekea matambara kwenye mkoba. Zidisha mazoezi, mwanangu, kichwa hicho kinakutegemea. Walezi wenzangu na wageni nyote, ahsanteni kwa kumtegea sikio mpishi aliyesahau hotuba ina mwisho.

Sasa tuiname. Nyinyi fumbeni macho. Mimi leo sifumbi, nataka kumwona. Nilimpokea. Namtoa kwa amani. Amani yenyewe bado iko njiani, lakini mtoto asichelewe kwa ajili yangu.

Chiriku, mjukuu wangu, tufungie.