Kiitikio, Kinyozi Aliyemaliza Nyimbo Zake

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu, na aliye jikoni apunguze kelele za vyombo. Leo tunamkumbuka kinyozi. Kinyozi aliyekuwa mwanamuziki. Au mwanamuziki aliyejificha ndani ya kinyozi miaka mingi, mtaamua wenyewe. Tulimzika juma lililopita. Mtaani tulimwita Kiitikio.

Kwa nini Kiitikio? Kwa sababu nyimbo zake zilikuwa na kiitikio tu. Beti hazikuwepo. Alinyoa huku anaimba, mashine inanguruma kama inampigia besi. Mteja akitikisa kichwa anaambiwa, "Tulia, nisije nikakupunguzia sikio." Kiitikio kikifika, barabara nzima inaitikia, mpaka fundi viatu pale kibarazani. Halafu? Halafu kimya. Ukimuuliza beti ziko wapi, anakung'uta kitambaa. "Zinakuja. Kesho nakaa nazo."

Kesho, wasikilizaji! Mimi ni mama, na neno hilo linaninyima usingizi. Mwanangu ana kinanda, kimelala uvunguni kinakula vumbi. Asiye na kipaji akilala, amelala tu. Mwenye kipaji akilala, ujue kuna kitu amekilalia.

Gitaa la Kiitikio lilining'inia msumarini juu ya kioo. Wateja wapya walidhani ni pambo. Mkewe ameniambia hivi: "Studio walimwita, wakamwita tena. Siku ya kwenda anaanza kubadilisha nyuzi. Nyuzi zikikaa sawa, sauti imekauka. Sauti ikirudi, mvua. Mume wangu alikuwa na visingizio vingi kuliko nywele alizofagia."

Kisha mama yake akaanza kupoteza uwezo wa kusikia. Nasema tena, mama yake mzazi. Daktari alimwambia waziwazi: masikio yanafunga, na hayatafunguka. Bibi yule akatoka hospitali, akaja saluni moja kwa moja. Saluni imejaa. Akakaa kwenye kiti, akavua kilemba.

"Ninyoe upande huu. Huu mwingine uache."

"Mama, huo mtindo gani?"

"Mtindo wako. Ninyoe nusu, niende zangu nyumbani."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kiitikio akanyoa upande mmoja, kutii tu. Mama akainuka kweli, akashika mlango! Mwanawe akamkimbilia.

"Mama, siwezi kumwacha mtu atoke hivi! Watu watasemaje?"

"Na mimi utaniacha niwe kiziwi hivihivi? Nyimbo zako zote nazijua vichwa. Miguu sijaiona hata mmoja. Masikio yanafunga, mwanangu. Utaniimbia lini?"

Fundi viatu alikuwepo. Ndiye aliyenisimulia. Kiitikio alimrudisha mama kitini, akammalizia kichwa polepole, machozi yanamdondoka kwenye mashine. Halafu akatangaza sheria. Tangu siku ile, kitambaa hakitoki shingoni mwa mteja mpaka ubeti upatikane.

Tulidhani anatania. Thubutu!

"Kiitikio, umeshaninyoa, nifungue, nina kikao!"

"Kaa. Bado mstari mmoja."

"Kwani mimi ndiye mtunzi?"

"Leo ndiwe. Nipe neno la kumalizia."

Mwalimu mmoja alikaa mle mpaka wanafunzi wakatumwa kumtafuta. Bwana harusi alipiga mguu chini kwa hasira, na mdundo wa mguu ule ukaingia kwenye wimbo, mpaka leo umo. Watu walinuna, walitukana, na walirudi. Wenye vipara nao wakaja kupanga foleni! Mtu hana hata unywele mmoja, anataka afungwe kitambaa. Wasikilizaji, nimeona mengi. Sijaona kitu kama kile. Beti zilizogoma miaka yote zikawa zinatoka moja moja, kila moja na jasho lake.

Siku ya studio alikwenda na mafua na nyuzi kuukuu. Fundi mitambo anakumbuka: "Nilimwambia arudi akipona. Akasema, 'Rekodi na mafua yangu hayohayo.'"

Kazi ilipokamilika, akamleta mama. Wakamvika vile vipokea sauti vya masikioni, wakafungulia sauti mpaka mwisho. Hata waliokuwa nje ya chumba walisikia. Bibi alisikiliza nyimbo zote, hajagusa maji aliyopewa. Wa mwisho ulipokwisha, alimgeukia mwanawe. Akasema, "Kumbe huwa zinaisha."

Alizisikia, wasikilizaji. Zote, mpaka mwisho. Masikio yakafunga kabisa baadaye, na kabla mwaka haujageuka, homa ikamchukua Kiitikio mwenyewe. Fikiria angeongeza kesho nyingine.

Makaburini tulikuwa tunaimba, kila mtu na wimbo wake, hatujapatana. Mama yake hasikii. Akaanza peke yake, wimbo wa mwanawe, ubeti wa kwanza. Tukanyamaza. Alipofika kwenye kiitikio, akafunga mdomo. Tukaitikia sisi. Hakutusikia, hata kidogo. Hata uso hakuugeuza. Lakini aliacha nafasi yetu, yote, bila kuzidisha wala kupunguza, na tulipotua tu, akaingia na ubeti wa pili. Hivyo hivyo mpaka mstari wa mwisho. Nywele zilinisimama. Nikizungumza nanyi sasa, bado zimesimama.

Kwa mama yake, kwa mkewe, kwa watoto na mafundi wote wa barabara ile, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Mungu amlaze mahali pema.

Na wewe mwanangu unayenisikiliza umejinyoosha kitandani, una kitu ulichokianza. Unakijua. Yupo mtu anayekisubiri, na hatakusubiri milele. Sasa nawawekea wimbo ule wa mwisho. Lakini kama cha kwako kiko karibu, zima redio ukakishike. Sitakasirika.