Tarehe Aliyotuachia Dokta Calist

Wachungaji, wazee wetu wa Misigiri, shikamooni, nanyi ndugu waombolezaji, nasoma kwa niaba ya familia maisha ya mdogo wetu, na tarehe zote mtakazosikia tumezihakiki, hata ile ya mwisho ambayo bado haijafika.

Marehemu Dokta Calist Abraham Kitundu alizaliwa hapa Misigiri, mkoani Singida, tarehe 14 Agosti 1984, mtoto wa tatu wa Mzee Abraham na Mama Selina, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1992 hadi 1998, sekondari Kiomboi, kisha fizikia Dar es Salaam, ambako mwaka 2006 aliiona bahari kwa mara ya kwanza, na hadi anafariki hakujua kuogelea, jambo ambalo wakweze hawakuacha kumtania.

Kazi yake ilikuwa kuitengeneza bahari kwa hesabu ndani ya kompyuta, akiikata miraba kama majaruba ya mpunga na kukokotoa maji yatafika wapi na lini, kazi iliyompa udaktari mwaka 2018. Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa na Cecilia, mwalimu kutoka pwani ya Mkinga, wakajaliwa Benjamin mwaka 2017 na Rahabu mwaka 2020. Mwaka 2019 alijenga nyumba ufukweni, ukweni kwake, bila wasiwasi wowote, kwa kuwa hesabu zake mwenyewe zilisema pale ni nchi kavu.

Miraba ile ilikuwa ya kilomita mbili mbili. Mwaka 2021 alikwenda Bergen, Norwei, kwa utafiti wa miaka mitatu baada ya udaktari, akaipunguza hadi mita hamsini, na katika hesabu hizo mpya nyumba yake akaikuta ndani ya maji. Alikosea, na kosa hilo hakulificha, alipiga simu siku ileile, lakini mkwewe, Mama Theodora, alimjibu kwa upole kwamba mtu wa Singida asimfundishe yeye bahari. Calist akasema tarehe 9 Aprili 2024 maji yatafika ngazi ya kwanza, yakafika, akasema tarehe 31 Machi 2025 yatafika ngazi ya tatu, yakafika, na bado wakasema amebahatisha.

Novemba 2025 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa Dar es Salaam, na tarehe 27 Februari, akiwa hawezi tena kushika kijiko, alimwomba Cecilia amwandikie mstari mmoja: Jumamosi 21 Machi 2026, saa kumi na dakika arobaini jioni, chumba cha watoto, mita moja na sentimita kumi. Alifariki Jumatatu tarehe 2 Machi, saa tatu asubuhi.

Ndugu zangu, Jumamosi hiyo ndiyo siku ambayo wakwe zetu wamepanga kumpokea mjane na watoto katika nyumba ile ya ufukweni kwa ibada, na watu wamekwisha kualikwa. Tumewaomba wabadili siku, wamekataa, wakisema msiba hauendeshwi na kompyuta. Tunawaheshimu, lakini tunaogopa, na tunalisema mbele ya jeneza hili: Cecilia, aliyeuandika mstari ule kwa mkono wake, ni mtu mzima na ataamua mwenyewe, ila Benjamin na Rahabu hawatatoka Misigiri kabla ya tarehe 22.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliochimba kaburi na kutuchotea maji, na wafanyakazi wenzake, ambao wiki hii wamezirudia hesabu zake mara mbili na kupata saa ileile.

Pumzika kwa amani, Calist, watoto tumebaki nao.